Wiki Kumi na Mbili za Kishindo

Jumamosi asubuhi mama alikuwa sebuleni akimsuka jirani yao wa ghorofa ya juu. Jirani huyo ni muuguzi, na jengo zima linamwita Sista. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imeshasukwa. Nusu nyingine ilisimama wima kama nywele zilizoshtuka.

Mezani, baba na binti yao walikuwa wanapiga hesabu. Baba ni fundi wa kuchomea vyuma. Hutengeneza mageti na madirisha. Binti ana miaka ishirini na tatu na anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Jioni hucheza judo, mchezo wa kumkamata mwenzako na kumwangusha kwenye mkeka. Ukumbini wamempa jina la Kishindo. Akimwangusha mtu, fundi matairi mwenye duka chini ya ukumbi hutazama dari.

Wiki hiyo Kishindo alikuwa amepata barua kutoka chuo cha judo cha nje ya nchi. Alikuwa ameomba mara tatu. Safari hii walimkubali akae kule miezi sita, akifanya mazoezi asubuhi na jioni. Ada ni mia mbili kwa wiki, kwa pesa za kule, pamoja na kitanda na chakula. Lakini alitakiwa alipe mia tano kabla ya Ijumaa ili nafasi yake ishikwe.

"Elfu nne na mia nane," alisema baba.

"Mimi nimepata elfu tano na mia mbili," alisema Kishindo.

"Piga tena."

Alipiga tena kwenye simu. Ikaja ile ile. Baba naye alipiga tena kwenye karatasi. Ya kwake nayo ikaja ile ile.

"Basi simu yako ni mbovu," alisema baba.

"Simu haikosei kuzidisha, baba."

"Karatasi yangu nayo haijawahi kukosea. Mageti yote ya mtaa huu nimeyapima kwa karatasi."

Mama hakuinua macho. "Mimi nilikuwa na hesabu ya tatu kichwani," alisema. "Lakini mmeshanichanganya, imenitoka."

Ilikuwa hivyo hivyo tangu Jumatano. Kila wakikaa, hesabu inakuja mpya. Jambo moja tu walilijua kwa hakika. Akiba ya Kishindo ya miaka minne, pamoja na ya mama, ilikuwa kama elfu nne za kule. Haikutosha kwa hesabu ya mtu yeyote.

Baba alikunja karatasi yake. "Nimepata mnunuzi wa mashine ya kuchomea," alisema. "Anakuja Jumatatu."

Kitana cha mama kilisimama kichwani mwa Sista.

"Na wewe utafanya kazi na nini?" mama aliuliza.

"Nitaazima ya jamaa. Ni miezi sita tu. Na tiketi tunakata ya kwenda tu. Ya kurudi tutaitafuta mbele ya safari."

Kishindo alitazama meza. Aliitaka ile safari kuliko kitu chochote. Lakini mashine ile ndiyo iliyomsomesha, na bado ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Hakujua aseme asante au aseme hapana.

Sista alikohoa kidogo. "Samahani," alisema. "Mimi hapa ni mteja tu, tena wa nusu kichwa. Lakini nilisoma nje miaka miwili, na mwaka wa kwanza nililia sana kwa sababu ya hesabu kama hizi. Niruhusuni niulize. Miezi sita ina wiki ngapi?"

"Ishirini na nne," alisema baba.

"Ishirini na sita," alisema Kishindo.

"Mwezi una wiki nne na siku za juu," alisema Sista. "Siku hizo za juu nazo zinalipiwa. Chukueni kalenda mhesabu."

Baba alitoa kalenda ukutani akahesabu kwa kidole. Alifika ishirini na sita. Akahesabu tena kwa kurudi nyuma, kuanzia mwisho. Ikawa ishirini na sita.

"Wiki hizi mbili zilikuwa zimejificha wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Sista aliomba barua akaisoma taratibu. "Chakula ni Jumatatu mpaka Jumamosi," alisema. "Jumapili utakula nini?"

Kishindo alichukua barua. Ilikuwa imeandikwa kweli, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Alikuwa ameisoma barua ile mara kumi.

"Nguo za judo na mtihani wa mkanda, nani analipa?"

"Sijui."

"Bima je?"

"Ya afya anayo," alisema mama.

"Ya hapa huenda isifanye kazi kule. Na bima nyingi za safari hazimlipii mtu aliyeumia kwenye mchezo wa kupigana. Waulize kabla ya kununua, na wakuandikie kabisa kwamba judo imo. Na viza? Ukikosa viza, hizo mia tano zinarudi?"

Kishindo aligeuza barua upande wa nyuma. Ulikuwa mtupu.

"Basi msilipe mpaka mjibiwe kwa maandishi."

"Viza yenyewe ni ya aina gani?" aliuliza baba.

"Hilo silijui, baba," alisema Sista. "Kila nchi ina sheria zake. Muulizeni ubalozi. Msimuulize mtu wa vijiweni."

Kishindo alishika kichwa. "Tulianza na hesabu mbili," alisema. "Sasa sina hata moja."

"Afadhali," alisema Sista. "Zile mbili zote zilikuwa za uongo."

Akamwambia achukue karatasi safi. Upande mmoja aandike vitu vya kulipa mara moja tu: tiketi ya kwenda na kurudi, viza, bima, nguo, mtihani. Upande wa pili aandike vitu vya kila wiki: ada na chakula cha Jumapili. Chini aandike pesa ya dharura, ambayo haiguswi mpaka mambo yaharibike.

"Ninyi mlianza na miezi, mkaenda kutafuta pesa," alisema Sista. "Anzeni na pesa mliyo nayo. Toeni vya mara moja na dharura. Kinachobaki kigaweni kwa wiki. Kitawaambia wenyewe ni wiki ngapi."

Kishindo alikisia bei na Sista, akagawa. "Ni kama wiki kumi. Wenzangu watasema nimeshindwa kabla sijaanza."

Mama alirudi kwenye nywele za Sista, akakosea msuko, akaufumua.

Jumatatu mnunuzi alikuja. Baba alimpa kiti, akamwambia mashine imebadili mawazo. Mnunuzi alimtazama, akaitazama na mashine, akaondoka.

Siku hiyo hiyo Kishindo aliandika maswali saba, akayatuma chuoni, ubalozini na kwenye ofisi ya bima. Majibu yalifika kidogo kidogo, na kila jibu lilimchanganya tena. Chuo kilijibu kabla ya Ijumaa kwamba viza ikikataliwa pesa inarudi, na nafasi inaweza kusogezwa miezi mitano mbele; akalipa zile mia tano. Ubalozi ulisema kwa mafunzo kama yale atapewa siku tisini, na haruhusiwi kufanya kazi ya kulipwa. Ofisi ya bima ya kwanza ilikataa judo. Ya pili ilikubali, ikaandika.

Kwa ile miezi mitano ya ziada, Kishindo angeweza kuweka akiba nyingine. Wote wakakubaliana miezi mitatu, wiki kumi na tatu. Ni yeye aliyeshtuka. "Kumi na tatu mara saba ni tisini na moja," alisema. "Nitazidisha siku moja." Akafuta, akaandika kumi na mbili, na chuo kikakubali.

Aliongeza zamu za Jumapili kiwandani. Miezi mitano ilipotimia, vitu vyote kwenye karatasi vilikuwa na pesa yake, na dharura ilikuwa mia tano kamili. Akaondoka.

Wiki ya saba alipiga simu. Alikuwa ameumia bega.

Nyumbani wote waliongea kwa pamoja. Mama aliuliza kama anarudi kesho. Baba aliuliza hospitali wanadai kiasi gani. Kishindo alirudia mara tatu ndipo wakamsikia: bima imelipa hospitali, tiketi ya kurudi ipo, teksi na kamba ya kuning'iniza mkono amezilipa kwa pesa ya dharura. Atakaa nje ya mkeka wiki mbili.

"Sasa hizo wiki mbili utafanya nini?" aliuliza mama.

"Sijui, mama. Nitakaa kwenye benchi."

Alikaa kwenye benchi. Mwanzoni alikaa kwa hasira. Kisha akaanza kutazama jinsi walimu wanavyowafundisha wageni wa mchezo: kuanguka kwanza, kabla ya kuangusha. Akaanza kuandika. Mwalimu mmoja alimwona, akamwomba amsaidie darasa la watoto, kwa kuwa mdomo wake haukuumia. Mtihani wa mkanda ulifanyika akiwa bado kwenye benchi, ukampita. Alirudi na mkanda ule ule, daftari lililojaa, na mia tatu na arobaini za kule zilizobaki kwenye dharura.

Mwezi uliofuata ukumbi ulimpa darasa la wanawake wanaoanza, kwa malipo. Siku ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Baba alifika akitokea kazini, na vumbi la chuma kwenye mikono. Akasimama mlangoni akiutazama mkeka. Hakujua avue viatu au asivue, aingie au arudi zake nyumbani.

"Vua, baba," alisema binti yake. "Kaa pale pembeni."

Baba akavua, akakaa.