Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Kila asubuhi ya likizo, Muhonja alipiga deki, kisha akapanga vitambaa vya kufuma juu ya viti, redio na televisheni. Majirani wa mtaa wa Umoja walijua kwamba nyumba hiyo haikosi wageni wala chai.

Jumatatu moja, shangazi yake, Kageha, alileta kompyuta. Aliajiriwa na kampuni iliyowashauri wafanyabiashara kuhusu kompyuta, na ofisi yao ilikuwa imejaa pomoni, haina nafasi ya kuijaribia mashine hiyo.

"Ni ya mteja wetu, Mzee Yonis wa Eastleigh," alisema. "Programu aliyoitunga mwenzangu Wanyoike lazima ifanye kazi kutwa bila kukatika. Kila saa itazame, uandike daftarini ulichokiona. Ulichokiona, umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Habari haikukaa. Kufikia saa nne, sebule ilikuwa imefurika majirani.

"Ala! Redio imevaa, kompyuta iko uchi!" Hibo, rafiki yake wa nyumba ya pili, alimtania. "Au vitambaa vimewaishia?"

Watu wakaangua kicheko. Kwa haya, Muhonja alichukua kitambaa kikubwa kuliko vyote, akaifunika mashine hadi mgongoni, akaacha kioo tu.

Saa sita, kioo kikawa cheusi ghafla. Muhonja akabonyeza kitufe, ikawaka. Saa nane ikazima tena, naye akaiwasha tena. Mara zote mbili aliandika: Sawa.

Shangazi aliporudi saa kumi, alikodolea macho saa ya programu kwenye kioo. "Imeanza upya saa nane! Stima ilipotea?"

"Haikupotea," Muhonja alinong'ona.

"Basi ni programu. Maskini Wanyoike! Ameshaonywa mara mbili, sasa atafutwa kazi. Ngoja nikampigie mkubwa simu."

Alikuwa ameshika komeo la mlango Muhonja alipopaza sauti. "Shangazi, usiende! Ilizima mara mbili, nami nikaandika uongo. Niliogopa utasema nimeiharibu."

Kageha alirudi, akaingiza mkono chini ya kitambaa. "Lo! Moto kama pasi! Mwanangu, mashine hii hupumulia matundu ya nyuma, nawe umeiziba pua!"

Kesho yake, bila kitambaa, kompyuta ilifanya kazi kutwa nzima. Wanyoike hakufutwa kazi.

"Hukujua kwamba kuifunika ni kosa, na sasa umejua," Kageha alimwambia jioni. "Lakini ungenyamaza, mtu angepoteza kazi kwa kosa lisilo lake. Wateja hututegemea tuwaambie kilichotokea, hata kikituaibisha. Nawe siku zote sema ukweli hivyo hivyo, mwanangu."