Ukulele Yenye Mafua

Haya, sogeeni karibu. Mmekaa? Miguu mmekunja? Anayetafuna ameze kwanza. Basi tuanze.

Huko Lushoto, juu milimani kwenye ukungu na baridi, aliishi mtoto mmoja jina lake Zaituni. Alikuwa na miaka sita, na pengo moja mbele.

Zaituni aliishi na Babu, na Bibi, na paka mweupe mnene. Paka huyo aliitwa Kiporo, kwa sababu hakuna kiporo kilichowahi kulala salama nyumbani humo.

Babu alipenda viazi vyake shambani. Kiporo alipenda kulala. Na Bibi? Bibi alipenda ukulele.

Ukulele ni kama gitaa, lakini ni ndogo. Unaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Ina nyuzi nne tu, na ukizigusa zinaimba.

Mwaka ule, Bibi alinunua ukulele kama watu wengine wanavyonunua nyanya.

Msimu wa mapeasi, alinunua ya kwanza. Ilikuwa ya njano, ya plastiki, haiogopi mvua. Ting! Ting! Bibi akaipiga uani huku manyunyu yakimdondokea.

"Nzuri," akasema Babu.

Msimu wa baridi, alinunua ya pili. Hiyo ilikuwa ya mbao, nzito, na sauti yake ilikuwa nene. Tung! Tung!

Babu akashika kiuno. "Nyingine tena?"

"Ya mwisho hii," akasema Bibi.

Kisha, siku tatu kabla ya mwaka kuisha, Bibi akaenda sokoni kununua vitunguu. Kwenye mitumba, katikati ya viatu na masufuria, akaona ukulele ndogo kabisa. Haikuwa na rangi. Haikuwa na hata uzi mmoja. Ilikuwa bubu.

Bibi akasahau vitunguu. Akarudi na ukulele.

Babu akashika kiuno. "Nyingine tena?"

"Ya mwisho hii," akasema Bibi. "Tena si yangu. Ni ya Zaituni."

Zaituni aliruka mpaka Kiporo akaamka. "Yangu? Yangu mwenyewe?"

"Yako mwenyewe, bibie."

Jioni ile Bibi akafunga nyuzi mpya nne. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha akashika vile vipini vidogo vya juu, vya kukazia nyuzi. Bibi aliviita masikio. Akavisokota. Kwii, kwii, kwii.

"Bibi! Haiumii?"

"Haiumii. Masikio haya yametengenezwa ili yasokotwe. Ya kwako hapana."

Bibi akagusa uzi mmoja mmoja. "Kila uzi una neno lake," akasema. "Sikiliza."

Pa! Ka! Ka! Ja!

"Paka kaja!" akacheka Zaituni.

Na kweli, paka kaja. Kiporo aliingia mkia juu, akakaa mbele ya ukulele, akafumba macho. Mrrr, mrrr.

Kuna mtu mmoja Zaituni alitaka sana asikie sauti ile. Ni Mama. Mama alifanya kazi mbali, Tanga mjini, kwenye kiwanda cha mikate. Siku ya mwisho ya mwaka angekuja.

Zaituni akampigia simu. "Mama! Ukija nitakupigia Paka Kaja! Mimi mwenyewe!"

"Ninakuja na masikio yangu yote mawili," akasema Mama.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Jioni ya mwisho ya mwaka, mkeka hutandikwa sebuleni. Kila mtu huleta kitu kimoja kilichonunuliwa mwaka huo, kile alichokipenda kuliko vyote. Anakiweka mkekani, anasema kwa nini anakipenda.

Mwaka uliopita Babu alileta mabuti yake ya mvua. Bibi alileta sufuria yenye mfuniko. Mwaka huu Zaituni alijua atakacholeta. Alijua kabisa!

Kesho yake asubuhi, Babu akarudi kutoka sokoni na gunia begani.

"Shikamoo, Babu. Umebeba nini?"

"Marahaba. Mbegu za viazi," akasema Babu, haraka haraka. "Usiliguse gunia hili. Mbegu hazipendi kuguswa."

Akaliingiza stoo, akafunga mlango.

Zaituni akachukua ukulele yake. Akakaa kizingitini. Akagusa nyuzi, moja moja.

Pa... ka... ka... jooo.

Eh! Hii sauti gani? Kiporo akafungua jicho moja. Akaondoka.

Zaituni akajaribu tena. Pa... ko... ka... jooo.

Sauti ilikuwa imelegea. Imekauka. Ilikuwa kama sauti ya Zaituni mwenyewe, ile wiki aliyolala na homa. Na usiku uliopita kulikuwa na baridi kali. Zaituni akaelewa papo hapo.

"Maskini! Ukulele yangu ina mafua!"

Bibi hakuwepo. Alikuwa kwa jirani, anasaidia kupika pilau ya harusi. Lakini Zaituni alijua dawa ya mafua. Si anaugua kila mwaka?

Kwanza, kanga. Akaifunga ukulele kwa kanga ya Bibi, kichwa nje, masikio nje. Akangoja. Akahesabu mpaka ishirini.

Pa... ko... ki... jooo.

Kiporo akapanda juu ya kiti.

Pili, mafuta ya nazi kifuani. Akaipaka taratibu, huku na huku, kama Bibi anavyompaka yeye. Ukulele ikanukia vizuri.

Pe... ko... ki... juuu.

Kiporo akapanda juu ya meza.

Tatu, chai ya tangawizi. Ukulele haina mdomo, lakini ina tundu kubwa tumboni. Zaituni akaliangalia lile tundu. Akaangalia kikombe. Akafikiri sana.

Hapana, hakumimina! Msiogope. Aliweka kikombe kando yake tu, ivute mvuke. Akaisogeza pia karibu na jiko, ipate joto.

Pe... ko... ki... jwiii!

Kiporo akapanda juu ya kabati na hakushuka.

Zaituni akakaa chini. Machozi yakamjaa. Bibi aliipata ukulele hii ikiwa bubu, akaipa sauti. Na yeye ameipoteza sauti kwa siku moja tu! Atamwambia nini Bibi? Na Mama atasikiliza nini kwa masikio yake yote mawili?

Akaifunga tena kwa kanga. Akaificha chini ya kitanda, nyuma kabisa, kwenye vumbi.

Kutoka stoo, kitu kikasema: dong.

"Panya," akasema Zaituni kwa huzuni. Hata hakwenda kutazama.

Siku ya mwisho ya mwaka ikafika. Na Mama akafika! Alikuwa na begi moja, na mikate mitatu, na mikono mirefu ya kukumbatia.

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba, mwanangu! Umekuwa mkubwa! Na hilo pengo? Haya, Paka Kaja yangu iko wapi?"

Zaituni akaangalia vidole vya miguu yake. "Baadaye," akasema.

Wakala. Zaituni hakumaliza wali wake. Mkeka ukatandikwa. Taa ikawashwa.

Mama akaanza. Aliweka mwavuli wa maua. "Naupenda kwa sababu haujanigeuka hata siku moja," akasema.

Sasa ilikuwa zamu ya Zaituni. Akaenda chumbani. Akakaa huko muda mrefu. Akarudi amembeba Kiporo, miguu ya paka ikining'inia.

Akamweka mkekani. "Mimi nampenda huyu."

Babu akakuna kidevu. "Lakini Kiporo hakununuliwa. Kiporo alikuja mwenyewe, akakataa kuondoka."

Zaituni akaficha uso. Mara akalia kwa sauti, uuuuuu, mpaka Mama akampakata.

"Nimeiharibu!" akasema. "Ukulele yangu! Ina mafua, na nimeipa dawa zote, na haiponi!"

Akaenda kuitoa chini ya kitanda. Akampa Bibi, na kanga yake, na vumbi lake.

Bibi akaifungua. Akanusa. "Mafuta ya nazi?"

"Nilipaka kifuani," akasema Zaituni.

"Na hii harufu ya tangawizi?"

"Chai. Lakini haikunywa."

Babu akageuka ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Bibi akamtazama kwa jicho kali, ingawa naye alikuwa anabana mdomo asicheke.

"Njoo hapa, mjukuu wangu," akasema Bibi. "Hukuiharibu. Wala haina mafua. Kosa ni langu, sikukwambia. Nyuzi hizi ni mpya, na nyuzi mpya zinavutika. Unazikaza leo, kesho zinalegea. Unazikaza tena, zinalegea kidogo. Siku moja zinazoea, zinatulia."

Zaituni akafuta pua. "Si mafua?"

"Si mafua. Ni upya tu."

"Basi zikaze, Bibi."

"Mimi? Ukulele ni ya nani?"

Bibi akampakata, akamshikisha sikio la kwanza. "Kaza kidogo. Sikiliza kidogo."

Zaituni akasokota. Kwii. Po. Bado.

Kaza kidogo. Sikiliza kidogo. Kwii. Pi! Lo, imepita! Akarudisha nyuma kidogo.

Pa!

"Hiyo hiyo!" akasema Bibi.

Uzi wa pili. Kaza kidogo, sikiliza kidogo. Ka!

Uzi wa tatu. Kaza kidogo, sikiliza kidogo. Ka!

Uzi wa nne ulikuwa mkaidi. Jo. Ju. Ji. Vidole vya Zaituni viliuma. Watu wote walisogea karibu. Hata Babu hakutikisika tena.

Kaza kidogo. Sikiliza kidogo.

Ja!

Zaituni akavuta pumzi. Akagusa nyuzi zote, moja moja.

Pa! Ka! Ka! Ja!

Na paka, aliyekuwa amekimbilia mlangoni, akageuka. Akaja mkia juu, polepole, akapanda mapajani kwa Zaituni. Mrrr, mrrr, mrrr.

"Paka kaja!" akasema Mama. Akapiga makofi. Kisha akafuta macho, maana alikuwa amefurahi mno.

Zaituni akaiweka ukulele katikati ya mkeka. "Mimi nampenda Kiporo," akasema, "lakini mwaka huu kilichonunuliwa ni hii. Naipenda kwa sababu tumeponyana."

"Na wewe, Bibi?" akauliza. "Umenunua ukulele tatu. Unapenda ipi?"

Bibi akaitazama ya njano. Akaitazama ile nzito. Akaigusa ile ndogo isiyo na rangi. "Hii," akasema. "Wakati naipiga mimi, alikuja paka. Umeipiga wewe, nimefurahi mpaka magoti hayaumi."

Akabaki Babu. Wote walingoja. Labda ataleta jembe. Labda mabuti mengine.

Babu akakohoa. Akaenda stoo. Akarudi na lile gunia.

"Mbegu za viazi?" akauliza Zaituni.

Babu akaliweka gunia chini. Aliingiza mkono ndani, akatoa kitu cha buluu, kipya, kinang'aa. Kilikuwa na nyuzi nne. Kilikuwa na masikio manne.

Sebule nzima ikamgeukia Bibi.

Bibi akasimama. Akashika kiuno. Akasema nini, watoto?

"NYINGINE TENA?"

Babu akaangalia vidole vya miguu yake. "Ya mwisho hii," akasema.

Walicheka! Mama alicheka mpaka akalalia mkeka. Bibi alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Kumbe yule panya wa stoo alikuwa Babu, anajifunza kwa siri.

Babu akagusa nyuzi zake.

Pe... ko... ki... jwiii!

Kiporo akaruka juu ya kabati.

Babu akamwinamia Zaituni. "Mjukuu wangu," akanong'ona, "hii yangu nadhani ina mafua."

Zaituni akatikisa kichwa, akasogea, akamshikisha Babu sikio la kwanza.

"Si mafua, Babu. Ni upya tu. Haya. Kaza kidogo. Sikiliza kidogo."

Baadaye Zaituni alilala kitandani, kati ya Mama na ukuta. Ukulele yake ndogo ilining'inia kwenye msumari, juu ya kichwa chake. Kiporo alikuwa amejikunja miguuni, mnene na wa moto.

Sebuleni Babu na Bibi walikuwa bado wanapiga, polepole, kwa sauti ya chini. Lakini maneno ya nyuzi yalikuwa yamebadilika.

Pa... ka... la... la.

Pa... ka... la... la.

Na paka akalala. Na Zaituni akalala. Na wewe je, bado umefumbua macho? Hadithi yangu nimeitundika kwenye msumari, na wewe nenda ukalale.