Pini Weka Chini Kwanza

Mtaa mzima humwita Fundi. Cherehani yake iko barazani, na tangu asubuhi mguu wake haupumziki. Anashona, anapiga pasi, anapiga soga na wateja, yote kwa pamoja. Kutulia hakujui.

Jumapili moja Mwinjilisti alitangaza kanisani: "Jumapili ya Utume inakuja. Kila muumini amlete mgeni."

Basi Fundi akakosa raha. Mgeni aliyemtaka ni mmoja tu: wifi yake, dada wa mumewe, anayekaa nyumba ya pili. Tangu azike mtoto wake, wifi hajakanyaga kanisani. Kucheka hacheki, kutoka hatoki. Fundi alimpenda mno, akaogopa atampoteza kabisa.

Wifi akaja kupimwa gauni. Fundi akachomeka pini kiunoni, akachomeka kwapani, kisha mdomo ukafunguka.

"Wifi, Mungu anakuita! Mbona unashupaza shingo?"

"Wifi yangu, leo nimefuata gauni tu."

"Gauni litachakaa! Usigeuke, utajichoma. Mtoto yuko mahali pema, sasa unalia nini?"

Lo! Ndiyo maneno ya kumwambia mama aliyefiwa? Wifi alitoka mbio, gauni na pini zake mwilini, akajifungia kwake.

Fundi akabaki anahangaika. Alikaa, akasimama. Alitunga uzi sindanoni, akauchomoa. Mwinjilisti alipokuja kuchukua suruali yake nyeusi, alimkuta anaipinda kwa uzi mwekundu.

"Fundi, ndiyo mtindo mpya?"

Fundi akaangua kilio, akamweleza yote. "Si wewe uliyetutuma? Kosa langu nini?"

"Nilikutuma, ndiyo. Lakini mtu aliyechomekwa pini hawezi kuondoka bila kujichoma. Huyo si msikilizaji, ni mateka!" Mwinjilisti akavuta kiti. "Hata mimi nimekosa. Nimewaambia mlete wageni, sikuwafundisha namna. Habari Njema hailazimishwi kama dawa chungu kwa mtoto. Nenda kamwombe radhi. Muulize habari za mtoto wake, halafu nyamaza."

"Ninyamaze? Mimi?"

"Wewe. Akilia, mwache alie. Usimzibe mdomo kwa mstari wa Biblia. Akiuliza habari za imani yako, mweleze yaliyokupata wewe, kwa ufupi. Ukitaka kuomba naye, omba ruhusa kwanza. Akikataa, usinune. Kugeuza moyo wa mtu ni kazi ya Mungu, si yako."

Fundi akaenda. Wifi alifungua mlango nusu.

"Nisamehe, wifi. Nimekuumiza. Leo sikuja kuhubiri. Nimekuja kukuuliza, mtoto alipenda nini?"

Wifi alimtazama. Machozi yakamtoka. "Tangu tumzike, hakuna aliyeniuliza."

Akamkaribisha ndani, akasimulia. Mtoto alipenda kujificha kabatini. Alipenda kulala amekumbatia kiatu cha baba yake. Wakacheka, wakalia. Mikono ya Fundi ilimwasha, na ulimi ukamwasha zaidi. Akaikalia mikono, akauma ulimi.

Mwishowe wifi akauliza, "Wewe ukisali, unamwambia Mungu nini?"

"Siku nyingine sina neno. Nakaa tu mbele yake, nalia."

"Kumbe inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa." Akaishia hapo, ingawa alikuwa na hotuba nzima kifuani.

Jumapili ya Utume ikafika. Wageni wakasimama, wakapigiwa makofi. Kiti cha pembeni ya Fundi kilikuwa kitupu. Roho ilimuuma. Lakini akirudi nyumbani alimsalimu wifi yake mlangoni, akapita bila kumuuliza kitu.

Siku chache baadaye wifi alisimama barazani, gauni mkononi.

"Nimekuja tumalize kupima," alisema. "Na unieleze habari za huyo Mungu ambaye mtu anaweza kukaa naye bila maneno."

Fundi akaruka kwa furaha, akadaka kopo lake la pini.

"Aa, wifi!" wifi alicheka, kicheko ambacho baraza ile ilikuwa imekisahau. "Pini weka chini kwanza."

Fundi akaweka pini chini, akavuta viti viwili.