Kisima cha Karibu na Zahanati

Kila alfajiri, kabla majirani hawajaamka kuteka maji, Chiriku alizunguka visima vya mtaa akiwa na utepe wa kupimia. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliteremsha utepe hadi uguse maji, akasoma kina, kisha akampelekea shangazi yake, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi.

Lakini jioni moja alikuwa kimya. Shangazi alikuwa ameinamia kompyuta tangu mchana. Kwa kuwa hakuna aonaye miamba iliyo chini, alifanya kazi kinyumenyume: anakisia jinsi ardhi inavyopitisha maji, kompyuta inakokotoa maji yatasimama wapi katika kila kisima, naye analinganisha na vipimo vya Chiriku. Visipooana, anakisia upya. Visima vyote vilikubali isipokuwa kimoja.

"Hiki cha karibu na zahanati kinanitoa jasho," alisema. "Hakikubali mpaka niseme pale chini ni mwamba mkavu. Basi kesho itabidi niwaambie wachimbaji waliokuja kuichimbia zahanati kisima chake wasichimbe pale. Wagonjwa waendelee tu kuletewa maji kwa ndoo."

Siku ya kupima kisima kile, Chiriku alipitiwa na usingizi. Alikifikia akitoka shule, watu wameshateka mpaka maji yameshuka, akapima hivyo hivyo na kuandika kuwa ni kipimo cha alfajiri. Alijiambia ni jambo dogo. Sasa aliona si dogo. Aliogopa kwamba shangazi hatamwamini tena, lakini zile ndoo za wagonjwa hazikumtoka akilini.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini, "kile nilikipima mchana, watu wameshateka."

Shangazi alimtazama, akaifunga kompyuta, kisha akamnyang'anya utepe.

Alfajiri walikwenda pamoja. Maji yalikuwa yamesimama juu zaidi ya kipimo cha kwanza. Kipimo kipya kilipoingizwa, hesabu ilikaa sawa, na wachimbaji wakaelekezwa zahanati.

Hapo ndipo shangazi alipomrudishia utepe.

"Kompyuta haijui uongo, mwanangu. Ukiipa uongo inauamini, halafu inaipinda ardhi nzima ili uongo wako usimame. Siku nyingine ukichelewa, andika umechelewa. Hilo naweza kulifanyia kazi."