Sinema Bubu ya Isevya

Jua lilikuwa linazama Anselm alipokwenda stesheni ya Tabora kuchukua kopo la filamu lililokuja na treni kutoka Kaliua. Alitaka jioni ile iishe upesi. Binti yake Apolinaria alikuwa kitandani kwa homa, na tangu asubuhi alikuwa amekataa hata uji.

"Tuonyeshe hii moja tu," alimwambia Yoramu, dereva wa gari la sinema. "Nirudi kwa mtoto."

"Na bwana mkubwa akiuliza?"

"Mwambie sauti imenikauka."

"Wewe? Hilo hata mkeo haliamini."

Sauti ndiyo iliyokuwa kazi ya Anselm. Filamu walizozungusha vijijini siku zile za Mwingereza hazikuwa na maneno. Yeye alishika kipaza sauti, akatazama midomo ya watu kwenye picha, akakisia, akawasemea. Mkulima, mke wa mkulima, hata ng'ombe. Watu wa mtaa wake wa Isevya walimpenda kwa hilo. Uwanja wa sinema haukuwa mbali na kwake, na Flavia, mkewe, alikuwa akimsikia akiwa jikoni.

Filamu ya jioni ile haikuwa ya pamba wala ya sabuni. Yoramu alisikia kwamba Mzungu mmoja aliitengeneza peke yake, akitembea na kamera kwenye njia ya zamani ya misafara. Aliliacha kopo Kaliua. Hakurudi kulichukua.

Giza lilipoingia, picha ikaanza. Nyeusi na nyeupe. Njia, vumbi, na mwanamke aliyejitwika mzigo. Kaniki ilimfunika uso, ikaacha midomo tu. Akafika kwenye nyumba. Akabisha. Midomo ikatikisika.

"Hodi," akasema Anselm, kwa sauti nyembamba ya kike.

"Karibu!" uwanja mzima ukaitika, kisha ukacheka. Hakuna aliyefikiri. Mtu akipiga hodi, anaitikiwa. Ndivyo walivyolelewa.

Mlango haukufunguliwa.

Mwanamke akaenda nyumba nyingine. Hodi. Karibu. Mlango kimya. Nyingine tena.

"Watu gani hawa, wachoyo hivi?" akasema Maua, muuza vitumbua. "Mtu kapiga hodi, hata maji hamna?"

Bibi Khole, mjane wa mfanyabiashara Mwarabu, alikuwa amekaa karibu na gari. Akamvuta Anselm shati.

"Zima, mwanangu," akanong'ona.

"Imebaki kidogo, bibi."

"Huo ni msafara wa ndui. Mama yangu alinihadithia. Walipita nyumba kwa nyumba, kila mtu akafunga mlango. Wakafia njiani. Wote."

"Ni picha tu, bibi."

"Basi usimsemee."

Anselm akatazama kitambaa cheupe cha picha. Mwanamke alikuwa mbele ya mlango mwingine, lakini hakubisha. Alikuwa amegeuka.

Anamtazama yeye.

Midomo imefumbwa... inangoja.

Watu wakaanza kupiga miluzi. Anselm akamfikiria Apolinaria. Mwache aingie, akajiambia, filamu iishe, niende nyumbani. Safari hii akasema kwa sauti yake mwenyewe, kama mwenye nyumba.

"Mfungulieni. Karibu ndani, mama."

Mlango ukafunguka. Mwanamke akaingia. Kitambaa kikabaki cheupe, na mashine ikaendelea kuzunguka. Hakuna aliyepiga makofi. Uwanjani kulikuwa na harufu... ya vidonda vilivyofungwa muda mrefu.

Anselm akaweka kipaza sauti chini, akakimbia.

Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi. Flavia alisimama kando ya kitanda, kibatari mkononi.

"Mgeni wako yuko wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mgeni gani?"

"Kuna mwanamke alikuwa anapiga hodi. Si ile ya mchezo wako. Hapa mlangoni. Nikanyamaza, nina mgonjwa. Kisha nikakusikia wewe unasema nimfungulie." Akainua kibatari kuelekea mlangoni. "Nikafungua. Sikuona mtu. Harufu tu."

Apolinaria alikuwa ameketi. Alikuwa analia, kinywa wazi, machozi yanatiririka.

Hakutoa sauti yoyote.

"Tangu nilipofungua yuko hivyo," Flavia akasema.

Kwenye mwanga wa kibatari uso wa mtoto ulikuwa wa kijivu, kama wa watu wa kwenye picha. Alitazama nyuma ya baba yake, mlangoni. Akaanza kutikisa midomo, polepole.

"Anasemaje?" Flavia akauliza. "Wewe unajua kusoma midomo. Anasemaje?"

"Anaomba maji."

Flavia akaenda mtungini. Mtoto akarudia maneno yaleyale, na hapakuwa na cha kukisia.

*Bado wanaingia.*

Anselm akanyoosha mkono aufunge mlango. Akauacha. Hakujua ni wangapi atakaowafungia ndani.