Mimi au Mavi ya Ng'ombe Wangu?

— Mereana, jana uliwalisha nini ng'ombe wako?

Hiyo ndiyo salamu ya Dirk. Nimevaa gauni jekundu, midomo nimeipaka rangi, naenda sherehe ya kuzaliwa ya shangazi yangu Huia. Yeye kasimama na gambuti zake kando ya bwawa la mavi, anatazama turubai lilivyovimba kwa gesi.

— Majani, kama kila siku. Kwani huoni kitu kingine?

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nikalinyoosha gauni.

— Naona. Utachafua viatu.

Jamani! Huyu mwanaume nilimvumilia. Ardhi ilikuwa ya mama yake, Mama Greet, ng'ombe walikuwa wangu, na maziwa tulikuwa tunagawana, kama wanavyofanya wengi hapa Taranaki. Mavi ya uani hayakuwa na mwenyewe, mpaka Dirk alipolifunika bwawa akaanza kuvuna gesi. Akachemshia maji ya kuoshea mashine za kukamulia, kisha akaibadilisha pikapu yake kuukuu ikatembea kwa gesi hiyohiyo. Siku ilipowaka mara ya kwanza alininyanyua juu, tukazunguka uani tukicheka kama wehu. Tangu siku ile mimi nikawa wake. Mwenyewe hana habari.

Sasa mkataba wangu ulikuwa unaisha. Tarehe mosi Juni ndiyo siku yetu ya kuhama, sisi wenye ng'ombe tusio na ardhi. Barabara zote hujaa malori ya mifugo, vitanda na majokofu. Mama Greet alitaka nibaki, lakini nilikuwa nimeitiwa shamba kule Opunake, pwani. Nikaona hapa hapa nimpime mtoto wa watu.

— Dirk, nimepata shamba Opunake. Juni nahama.

Akapauka. Sema, baba, sema!

— Na mtambo wa gesi? Utakula nini?

Nilihisi kama nimemwagiwa ndoo ya maji ya baridi.

— Hivi wewe unanitaka mimi au mavi ya ng'ombe wangu?

Sikungoja jibu. Nikageuka na viatu vyangu, na kweli vilichafuka.

Kesho yake nikatia saini mkataba wa Opunake.

— Ungempa nafasi, mwanangu, akasema Shangazi Huia huku akigeuza mkate kwenye mafuta. Yule ni bubu wa mapenzi.

— Shangazi, bubu huonyesha hata kwa mikono!

Alicheka mpaka mkate ukaungua.

Wiki zikapita. Ujumbe wa Dirk ukaingia kwenye simu: "Ng'ombe wanaondoka saa ngapi hiyo tarehe mosi? Nataka kujua nitabaki na gesi kiasi gani."

Nikamjibu: "Waulize wenyewe."

Kilichonimaliza kabisa ni pikapu yake kuonekana kila siku kwa jirani yetu Raewyn. Raewyn ni mzuri, anacheka kwa sauti, na ng'ombe wake hukaa bandani majira yote ya baridi. Nikasema, haya, amepata mwingine, tena mwenye mavi mengi kuliko mimi. Nililia nikiwa nakamua, na ng'ombe wakawa wananishangaa.

Siku ya kuhama mvua ilinyesha. Mama Greet alinikumbatia, akanipa keki ya tufaha na kunitazama kama mtu anayeficha kicheko. Dirk hakuonekana. Malori yakaondoka, na mimi na Shangazi Huia tukafuata nyuma, sitaki hata kutazama kioo.

Nilikuwa namshusha ng'ombe wa mwisho kule Opunake, Shangazi yuko jikoni anachemsha chai, simu ilipoita.

— Mereana, ng'ombe wamefika salama?

— Wamefika. Na mavi yao yamefika pia, kama ndiyo unayoulizia.

— Mavi yenu siyahitaji. Raewyn amekubali kunipa ya bandani kwake. Mtambo umeshiba, na Mama atausimamia.

— Hongera. Umepata ng'ombe na mwenye ng'ombe.

— Raewyn? Si ana mchumba wake! Mereana, nisikilize. Uliniuliza swali. Siku ile hata ningekwambia nakupenda, ungeniamini? Mtambo wote ulikuwa unakutegemea wewe. Nilitaka kwanza nisiwe na shida hata ya kibonge kimoja cha mavi kutoka kwako. Sasa sina. Na bado usingizi hauji, chakula hakipiti. Nakupenda wewe.

Nikamwachia ng'ombe aende zake.

— Uko wapi?

— Hapa getini. Mvua inanipiga, nifungulie.

Nilikimbia kwenye matope. Pikapu ilikuwa imebeba sanduku, godoro lililofunikwa nailoni na mabomba yake ya gesi. Dirk alisimama kando yake akitetemeka, nywele zimemganda usoni.

— Na nikikukataa je? nikamuuliza, ingawa nilishamshika koti.

— Nimekwama. Iliyomo ndani ni gesi ya mwisho ya ng'ombe wako. Niliipima ya kunifikisha hapa. Ya kurudia sikuweka.

Nikachomoa ufunguo wa pikapu nikautumbukiza ndani ya gambuti yangu. Tukabusiana hapohapo, ng'ombe wakitutolea macho, mpaka sauti ya Shangazi Huia ikatoka jikoni:

— Mkwe, mlete mwanangu ndani! Chai inapoa!

Tulifunga ndoa kabla ng'ombe hawajaanza kuzaa. Raewyn alikuja na mchumba wake, nikacheza naye mpaka miguu ikauma. Na bwawa la hapa nalo tumelifunika.

Leo asubuhi Dirk ameingia bandani, akanibusu shingoni.

— Nakupenda, Mereana.

— Nami nakupenda, mume wangu.

Akageuka, macho yanamtoka kuelekea bwawani.

— Hivi jana uliwalisha nini ng'ombe?