Lenzi Nyembamba za Mama

Jirani yetu Ngatmi, mchoraji mwenzetu, anasema aliliona jambo lenyewe. Eti mama alianza kuchora kwa nta batiki ya arusi siku ya mkosi, bila kuulizia siku njema, ndipo akaanza kuona mistari ikivuja rangi. Habari hiyo akaipeleka kwa Bi Lestari, mwenye karakana. Bi Lestari akamnyang'anya mama kitambaa, akamweka kuchemsha nta.

Lakini sisi wengine tuliona mistari myeupe, safi. Mama peke yake ndiye aliyeona inavuja.

"Warsih, tazama," akaniambia. "Upande huu uzi wa njano, upande ule uzi wa buluu."

"Sioni kitu, mama."

"Basi kipofu ni wewe."

"Wenzake wanaona maua, yeye anaona mizimu," Ngatmi akacheka.

Nilichanganyikiwa. Mama si mwongo, na kitambaa nacho hakikuwa na doa. Nikampa kipande chakavu achore, nikamchunguza. Akichora, kichwa hakisogei, maana ndivyo tulivyofundishwa, nta isidondoke. Macho tu ndiyo yanayoshuka, mpaka ukingo wa miwani yake mipya.

Nikampeleka kwa Wagimin, fundi aliyemtengenezea miwani hiyo. Akachora mstari mweusi kwenye karatasi.

"Utazame kwa katikati ya lenzi. Kuna rangi?"

"Hakuna."

"Sasa inua kidevu, uutazame kwa ukingo wa chini."

"Hizo hapo!"

"Basi zinatoka kwenye lenzi, mama. Rangi ya kitambaa haihami ukigeuza kichwa."

Mama akakunja uso. "Mbona nilichagua nyembamba kuliko zote? Si ndiyo bora?"

"Lenzi kazi yake kupinda mwanga. Inayoupinda sana hutengenezwa nyembamba. Ila nyingi za aina hiyo huutawanya mwanga, ukatoa rangi kama upinde wa mvua. Mwenye namba ndogo ya miwani hasumbuki. Yako ni kubwa, na unatazama kwa ukingoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukunitajia kazi yako, nami sikuuliza. Tumekosa wote."

Safari hii alimketisha kwenye kigoda, akamwambia ajifanye anachora. Akapima macho yanapotua. Akamchagulia lenzi nene kidogo, za aina isiyotawanya sana mwanga, na fremu ndogo ili zisiwe nzito.

"Nitafanana na bundi," mama akanung'unika.

Zilipokuwa tayari, alijaribu kwenye kipande chakavu cha kitambaa. Akachora, akashusha macho, akatulia. Nyuzi za njano na buluu hazikuwepo.

Lakini kitambaa cha arusi bado kilikuwa kwa Bi Lestari, na kesho angempa mchoraji mwingine. Mama akaenda mpaka kwenye kigoda cha Ngatmi.

"Jirani, habari ya mkosi uliipeleka wewe. Na hii ya miwani, nakuomba uipeleke wewe."

Ngatmi alichovya kalamu yake kwenye nta, akapuliza mdomo wa kalamu usizibe, akaendelea kupuliza hata nta ilipokwisha kupoa, asimtazame mama.